Kabla Hujashuka Grogan Kutafuta Spea

Nimeuza spea za magari ya Japani kwa miaka, na sentensi inayomgharimu mteja pesa nyingi kuliko zote ni hii: "Bosi, nipe brek pedi za Fielder." Ukimuuliza ni Fielder gani, atakwambia, "Hii ya kawaida." Fielder ya kawaida ya Toyota inaweza kuwa NZE121, NZE141, NZE144 ya kuvuta magurudumu yote manne, au NZE161. Kwa nje tofauti utaiona kwenye taa, lakini kwa chini ni magari mbalimbali. Anayenunua kwa jina hulipa mara mbili: bei ya spea isiyoingia, na nauli ya kurudi Grogan, mtaa wa spea mjini Nairobi, kubishana na muuzaji juu ya pakiti iliyokwisha kuraruliwa.

Magari yaliyotengenezewa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Yana namba ya fremu, yaani kodi (msimbo) ya modeli kama NZE141, kistari, kisha tarakimu. Utaipata kwenye logbuku, na pia kwenye kibati kilichobanwa ndani ya bonneti au kando ya mlango. Kipige picha kibati hicho leo, ukae nacho kwenye simu. Ukiingiza namba hiyo kwenye katalogi za spea zilizo mtandaoni, nyingi za bure, utaonyeshwa mchoro wa gari lako na namba ya kila kipande.

Namba za Toyota zina mpangilio wake. Tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kitu: 04465 ni pedi za mbele, 17801 ni filta ya hewa, 48510 ni shoki ya mbele kulia na 48520 ya kushoto. Zinazofuata ndizo zinazosema ni ya gari gani hasa. Hapo ndipo utagundua kwamba koili ya plagi 90919-02240 inatumika kwenye injini ya 1NZ-FE, iwe imekaa ndani ya Vitz, Probox, Fielder au Premio. Usiseme unataka koili ya Premio. Taja namba. Kuna kaunta ambapo neno Premio peke yake hupandisha bei.

Na si lazima boksi liwe na nembo ya Toyota. Denso, Aisin, KYB na Akebono ni kampuni zinazoviuzia viwanda vya magari vya Japani, na kitu kilichomo kwenye boksi lao kwa kawaida huwa nafuu. Shida ni feki, maana hata maboksi yao huigwa. Nenda na kipande cha zamani mkononi, ulinganishe uzito, maandishi yaliyochongwa kwenye chuma na umaliziaji wa kingo.

Lakini akiba kubwa zaidi ni spea ambayo hukuinunua kabisa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo wengi wetu huchukua la miaka saba ili bei iwe nafuu. Injini ya umri huo mara nyingi ni nzima. Kilichozeeka ni raba: bushi za mikono ya chini, maunting za injini, mikanda, mipira ya vumbi. Lipitishe gari hilo kwenye matuta ya Nairobi miezi kadhaa, litaanza kugonga, na jibu la haraka la gereji ni "shoki zimekufa." Shoki za mbele mbili, na leba juu yake.

Subiri kwanza. Lipeleke gari kwenye barabara ya vumbi yenye vishimo vidogo, gurudumu moja lipande huku lingine likishuka. Likigonga "ko-ko-ko" hapo, lakini likapita kimya kwenye tuta pana ambalo magurudumu yote mawili hupanda pamoja, shuku stabilaiza linki. Chuma cha stabilaiza hufanya kazi pale pande mbili zinapotofautiana; zikipanda pamoja, linki haivutwi sana, ndiyo maana hunyamaza. Ni kipande cha bei ndogo, kina nati mbili, na mtu mwenye soketi na ufunguo wa heksagoni hukibadilisha nyumbani. Shoki iliyokufa ina dalili zake: mafuta yanayochuruzika kwenye mwili wake, na gari linaloendelea kunesa baada ya kuvuka tuta.

Jambo lingine linalonikera ni thamostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha tu, fundi anaing'oa na kuitupa, akisema nchi hii ni ya joto. Nairobi ya joto gani, Julai asubuhi? Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi, inaongeza petroli, na wewe unalalamikia bei ya mafuta. Ya 1NZ-FE huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na hiyo ndiyo kazi iliyowekewa. Kwanza angalia kifuniko cha rejeta. Huku juu, karibu mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kifuniko chenye raba iliyochoka hakishiki presha, kwa hiyo maji yatachemka mapema na utauziwa hadi gasketi ya hedi. Badilisha kifuniko, weka kulanti (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya bomba, hakikisha feni inawaka, ndipo uende mbele.

Taa ya injini ikiwaka, kile kisoma-kodi kidogo cha Bluetooth kinatosha kwa magari mengi ya kuanzia 2008. Ila kodi haikutajii spea ya kununua. P0171 inasema hewa imezidi petroli. Huenda ni mpira wa hewa uliopasuka au sensa ya hewa yenye vumbi, ambayo husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza.

Mambo ya kufanya mwenyewe: oili (1NZ-FE hula lita 3.7 pamoja na filta), plagi, filta za hewa, balbu, pedi za mbele ukishaonyeshwa mara moja. Nunua stendi mbili kabla ya kununua spana ya pili. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki pekee. Na mtu akikwambia mkanda wa taimingi wa Fielder yako ya 1NZ umefika wakati, mshukuru uondoke. Injini hiyo ina cheni.

Kwa spea za ex-Japan, yaani zilizotumika na kutolewa Japani, nachukua altaneta, stata, vioo, taa na milango bila wasiwasi. Chochote cha raba au cha breki, kipya tu.

Giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na hatua za gia, usiiguse kwa kubahatisha. Inataka oili yake yenyewe: za Nissan NS-2 au NS-3, za Toyota TC au FE, kulingana na gari. Ukimimina ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya kawaida, utatafuta giaboksi nzima. Na kwenye Aqua au haibridi nyingine yoyote, nyaya za rangi ya machungwa, zenye umeme mkali, mwachie mwenye mafunzo na glavu zake.