Roki na vitabu: yanayosemwa kuhusu asili ya nyimbo, na yaliyo kweli

Jina la wimbo likifanana na jina la kitabu, msikilizaji hukata shauri palepale: mtunzi alisoma, akapenda, akachukua. Wakati mwingine ndivyo ilivyokuwa. Mara nyingi, hata hivyo, maneno yamepita mikono miwili mitatu kabla ya kufika kwenye gitaa, na kila mkono umeacha alama yake. Ukitaka kujua njia yaliyopita, tafuta mahali ambapo wimbo na kitabu havikubaliani.

Dhana: "For Whom the Bell Tolls" ni maneno ya Hemingway.

Bendi ya Metallica iliutoa wimbo huu mwaka 1984 katika albamu ya Ride the Lightning, na ni kweli waliuchota kwenye riwaya ya mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway ya 1940 kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Lakini Hemingway naye aliazima. Mwenye maneno ni John Donne, kasisi wa Uingereza, aliyeyachapisha mwaka 1624 baada ya kuponea chupuchupu ugonjwa mkali. Anasema kengele ya kanisa ikilia kwa ajili ya maiti, usitume mtu kuuliza inamlilia nani: inakulilia wewe.

Kuna kosa la pili hapohapo. Wengi huliita "shairi la Donne". Si shairi, ni nathari: Tafakuri ya 17 katika kitabu chake cha ibada. Mitandaoni hukatwa vipande vipande mpaka ikaonekana kama beti.

Tunajuaje kwamba Metallica walipitia kwa Hemingway, si kwa Donne? Kwenye wimbo hakuna kanisa wala mgonjwa. Kuna kilima, na wanaume wanaokufa juu yake. Hiyo ni sura ya 27 ya riwaya, kikundi cha wapiganaji wa El Sordo kinapozingirwa kilimani na kumalizwa na ndege.

Dhana: "White Rabbit" unasimulia kitabu cha Alice.

Unasimulia viwili, tena umevichanganya. Lewis Carroll alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1865, chenye malkia wa karata, na cha pili mwishoni mwa 1871, chenye malkia wa sataranji. Grace Slick, aliyeutunga wimbo na kuuimba na bendi ya Jefferson Airplane mwaka 1967, anamtaja Malkia Mwekundu pamoja na amri ya kukata kichwa. Malkia Mwekundu ni wa sataranji. Anayepiga kelele "Akatwe kichwa!" kila dakika ni Malkia wa Kopa, wa kitabu kingine kabisa.

Mwisho wa wimbo ndio wenye utamu zaidi. Tunaambiwa tukumbuke alichosema Dormouse, yule mnyama mdogo anayesinzia mezani, kisha inafuata amri ya kulisha kichwa. Amri hiyo haimo vitabuni. Mle kitabuni, kesi ikiendelea mahakamani, shahidi anaulizwa Dormouse alisema nini, naye anajibu kwamba hakumbuki! Anayetaka kuhakiki kwa Kiswahili anayo tafsiri ya 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu, ila hiyo ni ya kitabu cha kwanza tu. Wa sataranji hatawakuta humo.

Dhana: Katika "I Am the Walrus", John Lennon wa Beatles alijiita walrasi kwa kumsifu mnyama huyo, na sauti za mwisho wa wimbo ni ujumbe wa siri.

Walrasi ni yule mnyama wa bahari ya barafu mwenye meno marefu kama pembe za ndovu. Katika shairi la Carroll, yeye na seremala wanawashawishi chaza watoke kutembea ufukweni, kisha wanawala wote. Lennon aliungama miaka baadaye kwamba alipotunga "I Am the Walrus" hakuwa ameligundua hilo. Alishika jina, akaacha kisa.

Sauti zile nazo hazina siri. Usiku wa kuchanganya wimbo, Septemba 1967, waliingiza matangazo ya redio ya BBC moja kwa moja, na redio ilikuwa ikitangaza King Lear ya Shakespeare, kitendo cha 4, onyesho la 6. Anayelia kwamba kifo kimemjia kabla ya wakati ni Oswald, mtumishi anayeuawa. Uvumi wa 1969 kwamba Paul McCartney, mwenzake Lennon katika Beatles, alikuwa amefariki ulipoenea, mashabiki wakalishikilia neno hilo kama ushahidi.

Dhana: "Sympathy for the Devil" ni ibada ya shetani, na ndio uliokuwa ukipigwa mtu alipouawa kwenye tamasha la Altamont, Marekani.

Hapa tarehe zinasaidia kuliko mabishano. Mwandishi wa Kirusi Mikhail Bulgakov alifariki mwaka 1940, riwaya yake The Master and Margarita ikiwa haijachapishwa. Ilitoka Moscow jaridani kati ya 1966 na 1967, ikiwa imekatwakatwa na wadhibiti, na tafsiri za Kiingereza zikatoka 1967. Rolling Stones walirekodi wimbo Juni 1968. Mwimbaji Marianne Faithfull ndiye aliyempa Mick Jagger, mwimbaji wao, kitabu. Shetani mstaarabu, mwenye adabu na mali, anayedai alikuwepo Pilato alipotoa hukumu, ni wa Bulgakov. Akina Kennedy wanaotajwa wimboni, wanasiasa wa Marekani, si wa Bulgakov: Robert aliuawa siku zilezile za kurekodi, ndipo jina likageuzwa kuwa la wawili.

Kuhusu Altamont, Desemba 1969, wimbo uliokuwa ukipigwa wakati wa mauaji ni "Under My Thumb".

Dhana: Animals ya Pink Floyd ni Shamba la Wanyama kwa gitaa.

Nusu ya ukweli. Mbwa, nguruwe na kondoo wametoka kwa Orwell, ambaye Fortunatus Kawegere alimtafsiri kwa Kiswahili mwaka 1967. Ila Orwell aliwalenga waliopora mapinduzi ya Urusi. Roger Waters, mtunzi wa Pink Floyd, mwaka 1977, aliwalenga mabepari wa Uingereza. Tena kondoo wa Orwell hukariri kaulimbiu mpaka mwisho, ilhali wale wa Pink Floyd huigeuza Zaburi ya 23, kisha wanawaangamiza mbwa.

Dhana: Kate Bush alisoma riwaya ndipo akatunga "Wuthering Heights".

Alianza na televisheni: aliona dakika za mwisho za mchezo wa BBC, na kitabu cha Emily Brontë kikafuata. Wimbo ulishika namba 1 Uingereza kwa wiki 4 mwaka 1978. Ndani yake mzuka wa Cathy upo dirishani ukimsihi Heathcliff amfungulie. Kitabuni, sura ya 3, anayesihiwa dirishani ni mpangaji Lockwood.

Bush huyohuyo anatufundisha jambo la hakimiliki ambalo wengi hulikosea. Jina la kitabu peke yake kwa kawaida halina hakimiliki; maandishi ndiyo yanayo. Alipotaka kuimba maneno ya Molly Bloom kutoka Ulysses ya James Joyce, wenye urithi walikataa, akaandika ya kwake, na mwaka 1989 wimbo ukatoka kwa jina la "The Sensual World". Ruhusa ilipopatikana aliurudia mwaka 2011 kwa maneno ya Joyce, safari hii ukiitwa "Flower of the Mountain". Vivyo hivyo David Bowie: mjane wa Orwell alimkatalia mchezo wa muziki kutoka riwaya ya 1984, lakini albamu yake ya mwaka 1974 ina wimbo wenye jina hilohilo.

Dhana: Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alichukua jina kwenye sayari ya Mercury.

Freddie, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946, aliweka katika albamu ya kwanza ya Queen, 1973, wimbo "My Fairy King". Farasi wenye mabawa ya tai na nyuki waliopoteza miiba ni wa Robert Browning, kwenye shairi lake la 1842 kuhusu mpiga filimbi wa Hamelin, pale mtoto kiwete anapoeleza nchi aliyoahidiwa. Kwa maelezo ya Brian May, mpiga gitaa wa Queen, jina lilitoka humo, kwenye mstari unaomlilia Mama Mercury. Huo mstari Browning hanao. Ni wa Freddie mwenyewe.