Je, wajua jinsi chembe isiyoonekana inavyotafutwa kwa kuangalia kilichopungua?

Wavuvi wa dagaa wa Mwanza huingia ziwani usiku wa giza, mwezi usipotoka. Ukisimama juu ya mawe ya Capripoint saa hizo, huoni mtumbwi wala mtu. Unaona taa tu. Sasa tuseme taa moja iliyokuwa imetulia inasogea ghafla kushoto, na hakuna upepo wala wimbi. Aliyekulia ziwani atajua kwamba kuna mtu amejirusha majini upande wa kulia. Hakumwona, ila mtumbwi umemtaja.

Nilimpa mfano huu mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliyeniuliza: "Mwalimu, kama maada ya giza haionekani na inapita ndani ya chuma kama hakuna kitu, wanaitafutaje kwa mashine?"

Kwamba ipo, dalili ni nyingi. Mwaka 1933 mwanafalaki Fritz Zwicky aliona galaksi za kundi la Coma zinakimbia mno kiasi kwamba uzito wa vinavyong'aa usingetosha kuzishikilia pamoja. Miaka ya 1970 wanafalaki Vera Rubin na Kent Ford walipima galaksi ya Andromeda, wakakuta nyota za pembezoni hazipungui kasi kama ilivyotarajiwa. Kuna uzito mwingine pale usioonekana, ndio uitwao maada ya giza, na hesabu za leo zinauweka karibu mara 5 ya maada yote tunayoijua.

Mtambo mkubwa wa kuutafuta uko CERN, kituo cha utafiti wa chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ni pete yenye mzunguko wa kilomita 27, chini ya ardhi kama mita 100. Ukilikunjua duara hilo, lingelipita daraja letu la Kigongo–Busisi zaidi ya mara nane. Humo protoni hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga kutoka pande mbili, kisha hugonganishwa, huenda nishati ya mgongano ikazaa chembe ya maada ya giza. Kabla ya kugongana, mwendo wao wote unafuata bomba. Wa kwenda pembeni hakuna. Kwa hiyo baada ya mgongano, ukijumlisha misukumo yote ya pembeni, jibu lazima liwe sifuri. Vyombo vya ATLAS na CMS vimezunguka sehemu za migongano ili kupima kila kinachotoka. Wakikuta mkupuo wa chembe umeruka kushoto na kulia hakuna kitu, basi kuna kilichotoroka.

Ugumu unaanzia hapo. Nyutrino, chembe ndogo zinazopenya karibu kila kitu bila kukigusa, nazo hutoroka, na hizo si maada ya giza tunayoitafuta, ni chembe zinazojulikana. Chembe iitwayo Z huvunjika ikawa nyutrino mbili takribani mara moja katika kila mara 5, na vyombo hivyo havioni chochote. Kipimo kikikosea kidogo nacho huzaa pengo la uongo. Ndiyo maana watafiti hutumia miaka mingi kuhesabu wanaotoroka wanaojulikana, hadi wajue kwa uhakika idadi yao, ndipo waulize kama kuna wa ziada. Mimi kazi hii ya subira naiheshimu kuliko mashine yenyewe.

Halafu kuna wazo la sekta fiche. Huenda maada ya giza haina uhusiano na kani tunazozijua, isipokuwa uvutano, bali ina chembe zake na kani zake zenyewe, na katikati yetu na yake pana mlango mwembamba. Mlango mmoja unaotajwa sana ni fotoni ya giza, ambayo msingi wake wa kihesabu uliandikwa na Bob Holdom mwaka 1986. Ingefanana na fotoni ya mwanga, ila ingegusana na elektroni kwa udhaifu mkubwa sana.

Hapo elektroni zina faida. Protoni ni gunia lenye chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki na gluoni, hujui ni zipi zimegongana na kwa nishati gani. Elektroni haina kitu ndani. Kwenye chombo cha Belle II kule Tsukuba, Japani, elektroni na positroni, pacha wake mwenye chaji chanya, hukutana na nishati yao yote inajulikana. Ikitoka fotoni moja tu na upande wa pili kimya, unaweza kukokotoa tungamo la kile kilichoondoka.

Chembe nyingine fiche huenda hazitoroki moja kwa moja. Umewahi kumwangalia mnandi akizama? Huzama hapa, akaibukia kule mbali. Chembe fiche inaweza kutembea mamia ya mita, ndipo ivunjike kuwa chembe zinazoonekana. Ndiyo maana chombo kidogo cha FASER kimewekwa mita 480 kutoka ATLAS, nyuma ya mwamba na zege, kusubiri mahali pa kuibukia.

Hadi leo chembe ya maada ya giza haijakamatwa. Kila msako usio na mavuno hufunga sehemu moja ya ziwa, kwamba chembe ya tungamo hili na udhaifu huu haipo. Na hata pengo la kweli likionekana, kazi itabaki. Ili itoroke kwenye chombo, chembe inahitaji kuishi sehemu ndogo mno ya sekunde tu; ili iwe ndiyo inayoshikilia galaksi, inapaswa kuwa imedumu tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Hilo mtambo peke yake hauwezi kulithibitisha. Itabidi vyombo vingine, vile vilivyofukiwa migodini kusubiri maada ya giza inayopita kutoka angani, viikamate chembe hiyohiyo.