Kanisa la Methodisti Ribe: kituo cha njiani kilichogeuka kijiji

Mgeni anayepanda vilima vya Ribe kutoka Mombasa, akipita kati ya minazi na mashamba ya mihogo, hufika mahali ambapo Umethodisti wa Kenya ulianzia, na jambo la kwanza ninalomwonyesha kila ninapowaongoza wanafunzi ni kwamba hapa hapakukusudiwa kuwa mwisho wa safari. Watu waliotumwa mwaka 1862 na dhehebu dogo la Kimethodisti la Uingereza, lililojulikana kama United Methodist Free Churches, walikuwa na nia ya kuwafikia Waoromo, mbali huko kaskazini. Ribe ilikuwa pa kupumzikia tu.

Aliyewaleta alikuwa Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosine mwaka huohuo, kisha akafungua kituo cha Waanglikana huko Rabai mwaka 1846. Katika safari hiyo ya mwaka 1862 alifuatana na vijana kadhaa, miongoni mwao Thomas Wakefield na James Woolner. Homa haikuwapa nafasi: Woolner aliugua akarudi kwao, na Krapf naye, afya ikiwa imemshinda, akaondoka kabla mwaka haujaisha. Wakefield alibaki, na mwaka 1863 akaongezewa mwenzake, Charles New.

Vitabu vingi vinavyosimulia historia hii huishia kwa hao wawili, na si ajabu, kwa kuwa waliandika sana. New alipanda Kilimanjaro mwaka 1871 hadi akaigusa theluji. Wakefield alichapisha mwaka 1870 maelezo ya njia za misafara ya kwenda bara, na sifa ya kazi ile yamstahili pia Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara aliyemsimulia njia hizo kituo kwa kituo, kwa sababu Wakefield hakuwa amezipita mwenyewe. Gharama yake inaonekana makaburini. Rebecca, mke wa Wakefield, alifariki Ribe mwaka 1873, na New akafariki mwaka 1875 akiwa njiani kurudi kutoka Uchaga.

Hata hivyo, kanisa halijengwi na wamisionari wawili wanaougua. Waribe, mojawapo ya makabila tisa ya Wamijikenda, walikuwa na kaya yao (makao yao ya kale ndani ya msitu mtakatifu), wazee wao na ibada zao, na ni kwa ridhaa ya wazee hao kwamba wageni walipata mahali pa kujenga. Kaya Ribe ingalipo, na tangu mwaka 2008 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Naomba msomaji aziweke sehemu hizi mbili pamoja akilini, kaya na kanisa, kwa kuwa zimeishi jirani kwa zaidi ya miaka 160, na familia zenye mizizi pande zote mbili zipo.

Kundi jingine lililoijaza Ribe ni watumwa waliotoroka. Mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Aliyetoroka shambani alikimbilia vilimani, na vituo vya misheni vya Rabai, Ribe na Jomvu vikawa makimbilio. Wamiliki wakadai watu wao, wamisionari wakawa katikati ya sheria ya Sultani na dhamiri zao, na mvutano huo ulidumu miaka mingi. Ulitulizwa tarehe 1 Januari 1889, pale watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya Waanglikana na vya Wamethodisti walipokombolewa kwa fedha, wakapewa hati za uhuru katika sherehe iliyofanyika Rabai. Mtu aliyekatwa na ukoo wake alipata hapa shamba, mke au mume, na jina katika daftari la ubatizo. Kwangu mimi huo ndio moyo wa historia hii.

Safari ya kwa Waoromo ilifika Golbanti, kando ya Mto Tana, mwaka 1885. Mwaka uliofuata mchungaji Houghton na mkewe waliuawa huko katika uvamizi wa Wamaasai. Kuanzia mwaka 1912 kazi ilipanuka hadi Meru, ambako kanisa lilikua kupita pwani, na mwaka 1967 Kanisa la Methodisti nchini Kenya likawa na mamlaka yake lenyewe.

Maisha ya ushirika yenyewe yanaeleweka vizuri zaidi siku ya mavuno. Akina mama huingia na vikapu vichwani: mahindi, mihogo, nazi, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha huanza mnada, na mara nyingi aliyenunua nazi huirudisha mezani inunuliwe tena, mpaka nazi moja ilete fedha ya kununua gunia zima. Fedha hiyo huenda kwenye paa, karo ya yatima au mahitaji ya sakiti, yaani kundi la makanisa jirani yanayosimamiwa pamoja. Mchungaji mmoja husimamia makanisa kadhaa ya sakiti, hivyo Jumapili nyingi anayesimama mimbarani ni mwalimu au mkulima aliyefunzwa kuhubiri.

Kwa familia zenye cheti cha ubatizo, kadi ya ushirika au picha ya harusi ya zamani, ombi letu sisi wahifadhi ni hili: msizitie plastiki kwa moto, kwa sababu haibanduki tena bila kuichana karatasi. Zifungeni katika karatasi safi, ziwekeni ndani ya sanduku kavu la bati mbali na jiko, na nyuma ya picha mwandike kwa penseli, wala si kwa kalamu ya wino, majina ya waliosimama, kuanzia kushoto, wakati bibi angali anawatambua.