Kubadilisha leseni si kufuta faili

Juzi developa mmoja wa Ntinda, Kampala, kaniuliza, “Kaka, laibrari yetu ya malipo ya simu iko kwenye GPL, wateja wanaiogopa, nikifuta faili la LICENSE niweke la MIT si yameisha?” Hayajaisha bana. GPL ni leseni inayomtaka anayesambaza msimbo autoe wazi kwa masharti yaleyale, MIT inaruhusu karibu chochote. Kila aliyekuchangia msimbo bado ni mwenye mali ya kipande chake. Kukutumia pachi, yaani marekebisho ya msimbo, si kukuuzia, amekuruhusu tu uitumie kwa masharti ya GPL, ukitaka masharti mengine inabidi urudi kwake umuombe, na kukataa anaruhusiwa.

Anza na amri ya git shortlog -sne (Git ni programu inayotunza historia ya msimbo). Inakutolea majina, imeili na idadi ya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za kila mtu, na hapo ndo vituko vinaanza: mmoja ana imeili tatu, mwingine anajiita “root”, halafu yule dada aliyetafsiri menyu kwa Kiluganda humuoni kabisa sababu alituma faili kwa WhatsApp ukalipandisha mwenyewe. Naye anahusika! Tena uliza kama mtu aliandika akiwa kazini, maana sheria yetu ya hakimiliki hapa Uganda, ya 2006, inampa mwajiri kazi ya mfanyakazi wake, labda mkataba useme vingine, kwa hiyo sahihi unayoitafuta huenda ni ya bosi.

Watu wa VLC, programu ya kucheza video, walipitia hayohayo 2011 na 2012 walipoitoa injini yao GPL kwenda LGPL iliyo legevu zaidi, kiongozi wao Jean-Baptiste Kempf akawa anasaka wachangiaji mmoja mmoja, mamia ya watu. Aliyekataa au asiyepatikana, kipande chake unakitoa au kinaandikwa upya bila kunakili. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, walipohamia ODbL, leseni ya data, 2012 walifuta kwenye ramani data za waliokataa, ukatili kidogo ila ndo njia halali.

Sasa kampuni ya HashiCorp waliwezaje kuitoa Terraform, zana yao ya kusimamia seva, kwenye leseni huria ya MPL kwenda BSL inayowabana washindani, kwa mpigo, Agosti 2023? Wachangiaji walishasaini mapema CLA, mkataba unaoipa kampuni haki pana juu ya michango yao. Lakini toleo lililokwishatoka halirudi nyuma, watu wakachukua ule msimbo wa MPL wakaanzisha mradi wao, OpenTofu.

Na tafadhali msichanganye CLA na DCO, tamko la mchangiaji: ule mstari wake wa Signed-off-by kwenye komiti unasema tu kwamba mchangiaji ana haki ya kuutoa msimbo wake kwa leseni iliyopo, kuhamia nyingine haujakuruhusu.