Mzee Mwenye Ulemavu Hapimwi Miguu Tu

Mama ana miaka 68, hatembei tangu apate kiharusi. Kila tukienda zahanati tunapewa dawa ya maumivu, tunarudi. Tudai nini zaidi?

Daini apimwe kama mtu mwingine yeyote wa umri wake. Mzee mwenye ulemavu akilalamika uchovu ataambiwa ni ile miguu. Akikosa usingizi, ni ile miguu. Huku nyuma sukari inapanda na hakuna aliyeipima. Presha ipimwe kila mnapokwenda, kwa sababu isipodhibitiwa ndiyo inayoleta kiharusi cha pili. Macho, masikio na meno yaangaliwe pia. Uchunguzi wa saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi usirukwe eti kumpandisha kitandani ni kazi. Ombeni watu wa kusaidia. Dawa zake zote, na za miti shamba zikiwemo, zitieni kwenye mfuko mmoja mwende nazo.

Kwa walio Tanzania: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na inataka wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Kama hana kitambulisho cha mzee, anzeni kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, au kwa afisa ustawi wa jamii.

Baba anatumia kitimwendo. Tumeona doa kwenye tako, lakini anasema haliumi. Tusubiri?

Msisubiri. Kutouma ndiko kunakotisha, maana huenda sehemu hiyo haina hisia. Mtu akikaa muda mrefu, nyama iliyo kati ya mfupa na kiti hubanwa, damu haipiti, nayo huanza kufa. Juu mnaona doa dogo tu, ndani huenda shimo limeshaanza.

Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumieni mkono: guseni kama pana joto, pagumu au palaini kuliko ngozi ya jirani, na tazameni kama rangi imekoza au kugeuka zambarau. Kagueni asubuhi na jioni matako, nyonga, mfupa wa chini ya mgongo, visigino na viwiko. Mwenye nguvu za mikono ajikague mwenyewe kwa kioo kidogo. Ni mwili wake.

Asilikalie wala kulilalia doa hilo hadi ngozi irudi kawaida. Kwenye kiti ajinyanyue au aegemezwe upande kila dakika 15 hadi 30. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, usiku pia, hata kama ni kwa zamu. Msilisugue kwa mafuta. Kusugua kunaumiza nyama iliyokwisha kudhoofika. Wala msimkalishe juu ya kata, ile ya kubebea mzigo kichwani, au tairi la mpira, kwani pete hiyo hubana damu pande zote. Mto wa sponji nene ni bora. Nguo zilizolowa mkojo au jasho zibadilishwe mapema, na mlo usikose maharage, dagaa au mayai. Ngozi ikipasuka, ikitoa harufu, au akipata homa, hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi hataki kunywa maji.

Muulizeni kwanza nani humpeleka chooni. Wazee wengi hujinyima maji ili wasisumbue watu, kisha hupata choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo. Kiti cha plastiki kilicho imara, kilichotobolewa katikati na kuwekewa ndoo chini, karibu na kitanda, huondoa nusu ya tatizo. Anywe zaidi asubuhi na mchana, jioni apunguze. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize daktari kiasi chake.

Nilipata polio utotoni na sasa nina miaka 63. Nifanye mazoezi?

Ndiyo, ila kwa kujipimia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawapa watu wenye ulemavu lengo lile lile la wengine: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa kadiri ya uwezo. Lakini misuli iliyopigwa na polio inaweza kudhoofika upya miaka mingi baadaye, na kuilazimisha huiumiza. Pumzika kabla hujachoka kabisa. Ukianza kuishiwa nguvu mahali palipokuwa pazima, muone daktari. Mabega ya mtumiaji wa magongo yamekwisha kufanya kazi ya miguu, usiyaongezee uzito bila ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia.

Na kuanguka?

Ondoeni mkeka unaoteleza, wekeni taa njia ya chooni, tupeni ndala zilizolika. Mpira wa chini ya gongo ukiisha, ubadilishwe.