Zebaki ikishamwagika: inakokwenda na inavyogeuka

Mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha na kuyapitisha kwenye mwalo (ubao wa mteremko wa kuoshea mchanga kwa maji), mchanga mzito uliobaki huuchanganya na zebaki ndani ya karai. Zebaki hukamata chembe za dhahabu. Huikamua kwa kitambaa, akabaki na donge la rangi ya fedha, kisha analichoma mpaka liwe la njano. Zebaki iliyokuwamo haikuungua wala kuisha. Imepanda hewani, na pa kwanza kufikia ni mapafu ya mchomaji na ya watoto wanaocheza jirani.

Sehemu ya mvuke huo hutua hapohapo, kwenye mabati, majani na udongo. Unaobaki huweza kukaa angani miezi mingi na kuvuka mipaka ya nchi kabla mvua haijaurudisha chini.

Zebaki nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa. Ardhini haikimbii: hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi na mboji, na husafiri pale udongo wenyewe unaposombwa. Kwa hiyo maji yaliyochotwa kiangazi kwenye kijito yanaweza kupimwa yakaonekana safi, watu wakashangilia bure. Mzigo uko kwenye tope, unasubiri masika.

Marudio hayo hayaachwi kupumzika. Huuzwa kwa wenye vati (matangi makubwa), yakamwagiwa sayanaidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu, ili kutoa iliyosalia. Sayanaidi haichagui, huyeyusha na zebaki pia. Kilichokuwa kimetulia kwenye mchanga sasa kinatembea pamoja na maji. Kwa maoni yangu, hatua hii inastahili kuogopwa kuliko inavyoogopwa sasa. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaitaja miongoni mwa mbinu za kukomeshwa: marudio yaondolewe zebaki kwanza ndipo yaguswe na sayanaidi.

Tuchukue Rwamagasa, mkoani Geita. Kwa kuwa Ziwa Victoria liko karibu, wengi hudhani uchafu wa huko huishia ziwani humo. Sivyo. Vijito vyake huelekea mto Nikonga, na maji hayo huenda kwenye mabwawa ya Moyowosi na Malagarasi, njia ya kwenda Ziwa Tanganyika. Ardhioevu hiyo ndiyo ya kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000.

Na kwenye ardhioevu ndiko zebaki hubadilika tabia. Maji yakipunguza mwendo, tope hutuama na mimea huoza, hewa ya oksijeni hupungua chini. Humo huishi bakteria wanaopumua kwa kutumia salfeti, na katika kazi zao huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, aina yenye sumu kali zaidi. Hii huingia mwilini kwa urahisi na hutoka polepole mno. Mwani huibeba, wadudu hula mwani, samaki wadogo hula wadudu, wakubwa hula wadogo. Kila ngazi inarundika ya ngazi iliyo chini yake, hadi samaki mla samaki kuwa na kiwango kinachoweza kufika mara milioni moja ya kile cha majini.

Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa rasmi mwaka 1956, kiwanda kilimwaga methili-zebaki ikiwa tayari imeundwa. Kwetu zebaki huingia ikiwa ya kawaida, na tope ndilo linaloimalizia kazi. Kwa hiyo eneo lenye zebaki nyingi si lazima liwe ndilo lenye samaki wabaya. Bwawa lililo mbali na karasha huweza kuwa na samaki wabaya zaidi.

Kuchemsha, kukausha au kukaanga hakusaidii, kwa sababu methili-zebaki imeshikana na protini ya nyama ya samaki yenyewe. Kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa mtoto unaojengwa. Hili lisimfanye mtu aache samaki: wengi wa Ziwa Victoria waliopimwa wamekuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumika sana kama ukomo. Mjamzito achague dagaa na sato, sangara wakubwa sana awapunguze. Kambare na kamongo wa mabwawa yanayopokea maji kutoka kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu wasiliwe kabla ya kupimwa. Na afisa mazingira wa halmashauri akileta majibu ya maabara, mwulizeni kama alichukua tope na samaki, au alichota maji peke yake.