Mchezaji Anayekijua Kisa Kabla Hakijaanza

Katika michezo ya uigizaji wa mezani kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, naye mwendeshaji husimulia kisa na kukisimamia, mara nyingi kutoka kitabu kilichochapishwa. Waendeshaji wapya huniuliza swali hili mara kwa mara: nifanyeje na mchezaji aliyekwisha kukisoma kisa tunachotaka kucheza, au aliyekicheza na kundi jingine? Kabla ya kujibu huwa nauliza ni kisa gani, kwa sababu visa haviweki utamu wao mahali pamoja.

Chukua Tomb of Horrors, kisa cha kaburi lililojaa mitego. Gary Gygax, mwandishi wake, alikiendesha katika mashindano ya Origins mwaka 1975, kikachapishwa mwaka 1978. Karibu uzito wake wote umo kwenye siri: mlango upi ni wa uongo, na nini humpata anayeingia katika kinywa cheusi cha ule uso wa kijani wa shetani. Ukishajua kwamba kiingiacho humo huangamia papo hapo, chumba kile hakina tena cha kukupa. Sasa tazama Lost Mine of Phandelver, kisa kilichokuja na sanduku la wanaoanza mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 2014. Watu wengi wanafahamu kwamba mwanzoni kuna farasi waliokufa njiani na magoblini, viumbe wadogo waovu, wanaovizia vichakani. Hata ukijua, vita bado itapiganwa, dadu zitarushwa, na mhusika wako anaweza kuanguka. Umekosa mshtuko tu.

Kibarua kigumu ni visa vya upelelezi. Masks of Nyarlathotep, kisa cha mchezo wa kutisha wa Call of Cthulhu kilichotoka mwaka 1984, huanza na mauaji ya Jackson Elias mjini New York, kisha wachunguzi hufuata nyayo za wauaji hadi London, Cairo, Nairobi na Shanghai. Raha yote iko katika kuunganisha barua na fununu mpaka picha ijitokeze. Mjuzi, yaani yule anayekijua kisa tayari, akidokeza mara moja tu mahali pa kutazama, amewanyang'anya wenzake kile walichokuja kukitafuta. Wala mwendeshaji hawezi kumbadilisha mhalifu dakika za mwisho, maana kila shahidi na kila karatasi humwelekea mtu yule yule.

Ushauri unaotolewa sana ni kumwambia mjuzi ajifanye hajui. Mimi naupinga. Wahusika wamefika njia panda, na kushoto kuna mtego. Mjuzi akienda kulia, ametumia anachokijua. Akienda kushoto makusudi ili asionekane mdanganyifu, ametumia kile kile. Uamuzi wa mtu asiyejua hauwezi kutoka kwake tena, hata awe na nia safi kiasi gani. Kwa hiyo mwondolee mzigo huo. Penye siri, wenzake ndio waamue, naye afuate. Au kama yuko peke yake, arushe dadu na akubali itakachosema. Kwingineko kote acheze kwa nguvu zake zote: apigane, abishane na wahusika wenzake, aonyeshe hofu na uaminifu wa mtu anayemwigiza. Nimeona wajuzi wakiwa nguzo ya kundi, kwa sababu walikuwa na nafasi ya kuwauliza wengine, "Wewe unaonaje?" na kuwasikiliza kwa dhati.

Upande wa mwendeshaji, mfano bora zaidi ninaoujua ni Ravenloft ya mwaka 1983, kazi ya Tracy na Laura Hickman. Humo karata hupigwa ili kuamua silaha na vifaa muhimu vimefichwa wapi ndani ya ngome, na hata Strahd mwenyewe, mnyonyadamu mwenye ngome hiyo, anatafuta nini. Curse of Strahd ya mwaka 2016 iliendeleza desturi hiyo ya karata. Waterdeep: Dragon Heist ya mwaka 2018 ilishika njia nyingine: mwendeshaji huchagua mmoja kati ya wabaya wanne, na kila mmoja ana majira yake ya mwaka ambamo kisa hutokea. Katika vitabu hivi ramani hubaki ile ile na wakazi wengi hubaki wale wale. Kinachohama ni vile vitu vichache ambavyo maamuzi ya wachezaji huvitegemea, na hapo ndipo nawe uelekeze kalamu yako. Kukiandika kisa kizima upya ni kuipoteza faida ya kununua kitabu.

Usibadilishe mambo kwa lengo la kumkomoa mjuzi, ukatega hatari pale anapodhani pana usalama. Amesema ukweli kwamba anakijua kisa, na wenzake wanaangalia ukweli huo umemletea nini.

Kuhusu maarifa ya jumla, kwa mfano kwamba troli, jitu la hadithini, hujiponya majeraha isipokuwa ya moto au asidi, mimi sihangaiki nayo. Watu wanaoishi karibu na matroli bila shaka wangesimuliana.

Linabaki suala la mchezaji anayegundua katikati ya kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya kisa kimoja, kwamba mahali hapa aliwahi kufika. Amwendee mwendeshaji baada ya kikao, wakiwa wawili, na aseme anachokumbuka kwa undani: chumba gani, mtu gani, siri ipi. Kumbukumbu nyingi huwa na mapengo, na mwendeshaji akishajua mapengo yako wapi anaweza kuacha sehemu kubwa ya kisa jinsi ilivyo. Mbele ya meza lisitamkwe neno, kwa sababu hata kusema "hiki nakikumbuka" huwaambia wengine kwamba chumba hicho kina jambo.